Choo cha sokoni ni sehemu ya mtaji: Somo la Nchelenge kwa wanaovuka Ziwa Mweru

Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

MFANYABIASHARA wa mpakani ni mtu wa hesabu. Anajua leo kwacha inabadilishwaje na faranga ya Kongo, gunia la chisense limepanda au limeshuka, boti kutoka Kilwa hadi Kashikishi inatoza nauli kiasi gani, na mzigo wake utalipiwa ushuru mara ngapi kabla haujamfikia mnunuzi. Hesabu moja tu ndiyo wengi hawaifanyi: soko likifungwa kwa siku moja kwa sababu ya kipindupindu, hasara yake ni kiasi gani?

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nizunguke mwambao wa Nchelenge nikitazama vitu ambavyo mwandishi wa habari za biashara huvipita bila kugeuka: mifereji, vyoo, mabomba, na ule mwanya unaoachwa kati ya ukuta na paa. Nimebaki na jambo moja la kuwaambia wanaovuka ziwa hili, wawe wanarudi kwao au wanatafuta riziki. Afya ya mji huamuliwa mapema, siku inapokubaliwa boti zishushe wapi, choo kichimbwe wapi na nyumba ijengwe vipi. Mgonjwa anapofikishwa hospitali, mambo mengi yameshaamuliwa.

Mji wa wapitaji

Kwa asiyepajua, Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula nchini Zambia, upande wa mashariki wa Ziwa Mweru. Miji yake miwili imekaribiana: Nchelenge penyewe, kwenye ofisi za serikali, na Kashikishi, penye soko kubwa la samaki na Hospitali ya Misheni ya St Paul's. Ng'ambo ya ziwa ni Kilwa ya Kongo, na kaskazini kabisa ni Pweto, mahali Mto Luvua unapotoka ziwani kuelekea Mto Kongo. Ndiyo maana sokoni Kibemba na Kiswahili cha Katanga vinasikika kwenye meza moja.

Vita navyo vimevusha watu mara nyingi. Pweto ilipoanguka Desemba 2000, maelfu walikimbilia Zambia, na wengi wao waliishi katika kambi za Kala wilayani Kawambwa na Mwange wilayani Mporokoso. Safari za kuwarudisha zilianza mwaka 2007. Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika yalileta wimbi jingine. Watu walipokelewa Kenani, na mwanzoni mwa 2018 likafunguliwa makazi ya Mantapala humu humu wilayani Nchelenge. Desemba 2021 kundi la kwanza la watu 100 liliondoka Mantapala kurudi Pweto.

Nimeitaja historia hiyo kwa sababu moja. Mji unaopokea wapitaji namna hii huwa na watu wengi kuliko waliohesabiwa, na wapitaji hao ndio wa kwanza kukosa maji na choo. Ugonjwa ukizuka, wao pia ndio wa kwanza kunyooshewa kidole.

Soko la Soweto lilipofungwa

Tuanze na fedha, kwa kuwa hilo ndilo linalotugusa haraka. Oktoba 2017 kipindupindu kilitangazwa Lusaka. Kufikia katikati ya Mei 2018 kilikuwa kimeingia katika mikoa saba kati ya kumi ya Zambia, na wagonjwa waliohisiwa kuwa nacho walikuwa 5,905. Kati yao 5,414 walikuwa wakazi wa Lusaka, na 98 kati ya hao walifariki dunia.

Mapema Januari 2018 serikali ililifunga soko kubwa la Soweto jijini humo ili lisafishwe, na wachuuzi wakaondolewa mitaani. Mtu aliyekuwa na magunia ya samaki mkavu kutoka Mweru hakuhitaji kuugua ili aumie. Ilitosha kwamba mnunuzi wake alikuwa Soweto.

Kilichotokea kuanzia Oktoba 2023 kilikuwa kibaya zaidi. Mlipuko uliodumu hadi 2024 ulileta wagonjwa zaidi ya 20,000 nchini Zambia na kuua zaidi ya watu 700. Shule zilichelewa kufunguliwa na Uwanja wa Mashujaa jijini Lusaka uligeuzwa kituo cha matibabu.

Je, kwa nini Lusaka, jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini? Wataalamu wamekuwa wakilieleza hilo kwa miaka mingi. Mitaa kama Kanyama ilijengwa bila mpango, juu ya mwamba ulio karibu na uso wa ardhi. Choo hakiwezi kuchimbwa kwa kina, kisima kifupi kiko hatua chache tu kutoka chooni, na mvua ikinyesha maji ya vyote viwili hukutana. Hapo dawa inatibu mtu mmoja mmoja wakati mtaa wenyewe unaendelea kuwaambukiza wengine.

Kosa la mvukaji au kosa la kivuko?

Upande huu wa ziwa utasikia kwamba kipindupindu huletwa na Wakongo. Ukivuka, utasikia kwamba kinatoka Zambia. Maneno yote mawili yanampendeza msemaji kwa kuwa hayamdai kazi yoyote.

Ukweli ni kwamba vijidudu vya kipindupindu husafiri tumboni mwa mtu, na wengi wanaovibeba hawaumwi sana wala hawajui kama wanavyo. Huwezi kuvikagua kwenye pasi ya kusafiria. Lakini abiria mmoja mwenye vijidudu akishuka mahali penye choo kizuri, bomba na sabuni, ugonjwa unaweza kuishia kwake. Abiria huyo huyo akishuka mahali ambapo watu hujisaidia ufukweni na kuchota maji ya kunywa hapo hapo, unakuwa mlipuko. Tofauti ya hali hizo mbili inatokana na jinsi kivuko kilivyojengwa.

Ushahidi mmoja mzuri wa jambo hili unatoka kwa ndugu zetu wa Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika. Watafiti walichukua kumbukumbu za kila siku za mtambo wa maji wa mji huo, kuanzia 2009 hadi 2014, wakazilinganisha na idadi ya watu waliolazwa kwa kuhisiwa kuwa na kipindupindu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika siku 12 zilizofuata siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 ukilinganisha na wakati mtambo ulipofanya kazi vizuri. Walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa kipindi hicho walitokana na kukatika kwa maji.

Tuelewane hapo. Bomba likikauka, mama wa Uvira huchukua ndoo na kwenda ziwani au mtoni, kama mama wa Kashikishi anavyoweza kufanya. Hakuna mgeni aliyehitajika kuingia mjini ili idadi ya wagonjwa ipande. Mtambo wa maji ukisimama, wodi zinajaa.

Kazi nne, ufukwe mmoja

Katika kivuko kimoja cha mwambao huu, ambacho sitakitaja jina, nilikaa asubuhi moja nikihesabu kazi zinazofanyika ndani ya hatua mia moja. Boti zilikuwa zinashusha abiria na mizigo. Kina mama walikuwa wanaosha samaki na kuacha utumbo kwenye mchanga. Wengine walikuwa wanafua na kuogesha watoto. Na wasichana walikuwa wanachota maji ya kupeleka nyumbani. Nyuma ya vibanda kulikuwa na majani marefu, na kila mtu alijua majani yale yanatumika kwa kazi gani.

Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa mchafu wa tabia. Kila mtu alifanya kazi yake mahali pekee palipokuwapo. Kuwahubiria watu wa namna hiyo wanawe mikono bila kuwapa mahali pa kunawia ni kuwasumbua bure.

Dawa ya ufukwe kama ule ni kuzitenganisha kazi hizo. Boti zipewe sehemu yao. Samaki waoshwe juu ya sakafu ya saruji yenye mfereji unaopeleka maji machafu kwenye shimo badala ya ziwani, na waanikwe kwenye vichanja, juu ya mchanga. Maji ya kunywa yatoke kwenye bomba au kisima kirefu kilicho juu ya mteremko, mbali na shughuli hizo. Vyoo viwe karibu na watu kiasi kwamba majani yakose wateja.

Vipimo navyo vipo, na havikutungwa na mwandishi. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia duniani kote, vinataka soko liwe na choo kimoja kwa kila meza 20, au angalau kimoja kwa kila meza 50 wakati wa dharura. Soko lenye meza 400 basi linahitaji vyoo 20. Nenda kwenye soko unalouzia, hesabu meza, kisha hesabu vyoo. Viwango hivyo hivyo vinataka bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asitembee zaidi ya meta 500 kulifikia.

Kwenye mwambao kuna tatizo la ziada: maji ya ardhini yako karibu. Ukichimba shimo refu la choo kwenye mchanga wa ziwa, unachimba kisima bila kujua. Kanuni ya kawaida ni kwamba choo kiwe meta 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji, na chini ya shimo pabaki angalau meta moja na nusu kabla ya kuyafikia maji. Pasipowezekana, choo kinainuliwa juu ya ardhi kwa tofali, kikapandishwa kwa ngazi, na tanki lake likawa linanyonywa. Gharama ni kubwa zaidi mwanzoni, lakini anayekilipia ananunua pia maji salama ya jirani zake.

Luanshya na nyoka wa mtoni

Kipindupindu huja na kuondoka. Malaria ya Nchelenge haiondoki. Wilaya hii imo miongoni mwa zile zenye malaria nyingi kabisa nchini, na watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamekuwa wakiifuatilia kwa zaidi ya muongo mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mzigo wa ugonjwa ulibaki mkubwa hata baada ya vyandarua kugawiwa na nyumba kupuliziwa dawa.

Zambia iliwahi kuishinda malaria katika mji mmoja, na kazi hiyo ilifanywa kwa sururu na majembe. Mwaka 1929, mgodi wa shaba wa Roan Antelope ulipokuwa unaanzishwa Luanshya, vibarua walikufa na wengine kutoroka. Wenyeji walisimulia habari za Funkwe, nyoka mkubwa wa mtoni aliyewala watu. Kampuni ilimwita Sir Malcolm Watson wa Taasisi ya Ross ya London, naye akamtambua nyoka huyo: alikuwa mbu. Majani ya kandokando ya mto yalifyekwa, kingo zikarekebishwa, madimbwi yakakaushwa, mafuta yakamwagwa juu ya maji yaliyotuama na nyumba zikawekwa wavu. Baadhi ya watu walipewa pia kwinini na vyandarua.

Ndani ya miaka mitatu hadi mitano malaria ilipungua kwa kati ya asilimia 70 na 95. Watafiti walioipitia upya kazi hiyo mwaka 2001 walikadiria kwamba katika miaka 20 iliokoa maisha ya watu 4,173. Tukumbuke kwamba kampuni ilifanya hivyo kwa faida yake. Kibarua mgonjwa hachimbi shaba.

Nchelenge haiwezi kuiga kila kitu. Ziwa Mweru na vinamasi vyake havikaushiki, na mbu anayetawala hapa, *Anopheles funestus*, hupenda kuzaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani. Lakini mbu huyo ana tabia inayomponza. Hupenda kumuuma mtu akiwa amelala ndani, usiku wa manane, na baada ya kushiba hupumzika humo humo. Ikiwa ziwa halikaushiki, kazi ibaki kwenye mlango wa nyumba.

Kwa anayejenga upya

Hapa nasema zaidi na wanaorudi. Anayerudi Pweto au Kilwa baada ya miaka ya ukimbizini mara nyingi anaanza na kiwanja kitupu. Ni balaa, lakini pia ni nafasi ambayo mwenye nyumba ya zamani hana. Kuweka wavu wakati wa kujenga ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Nyumba zetu nyingi zina mwanya kati ya ukuta na paa. Tunauacha ili hewa na moshi vipite, na mbu hupita hapo hapo. Nchini Gambia, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba nyumba zilizowekwa wavu kwenye milango na madirisha na kuzibwa mwanya huo zilikuwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua kutoka asilimia 19 hadi 12. Huko Mtwara, Tanzania, zilijengwa nyumba 110 za majaribio ambazo chumba cha kulala kiko ghorofani, kuta zake zinapitisha hewa na kuzuia mbu, maji ya mvua yanavunwa kutoka kwenye paa, na choo kimejengwa pamoja na nyumba. Watoto waliolala humo waliugua malaria kidogo kuliko wenzao wa nyumba za kawaida.

Si lazima kujenga ghorofa. Ziba mwanya kwa tofali au udongo. Weka wavu kwenye madirisha, na madirisha yawe kwenye kuta mbili zinazotazamana ili upepo upite, kwa kuwa nyumba iliyozibwa bila madirisha inakuwa tanuri na watu watalala nje. Jiko likae kwenye kibanda chake ili moshi usiwe sababu ya kuacha mwanya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa huo uko juu kidogo, chini ya bati.

Usisahau na nyumba ya pili. Uvuvi ukifungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, familia nyingi za mwambaoni huhamia mashambani, ndani ya misimu ya mvua, zikalala kwenye vibanda visivyo na mlango. Chandarua kilichoachwa ziwani hakimlindi aliyelala shambani.

Nani alipe?

Najua swali linalofuata. Choo cha soko hakijengwi na mtu mmoja, na mvukaji hana kura katika kata ya Kashikishi. Lakini analipa. Kila meza, kila gunia na kila boti linaloshusha mzigo linachangia ushuru, na mlipaji ana haki ya kuuliza.

Wenye kura nao wana mlango mwingine. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo nchini Zambia ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na umeongezwa tena baada ya hapo. Miradi huanza kwa maombi yanayopitia kamati ya maendeleo ya kata. Kisima kirefu, vyoo vya kivuko na sakafu ya kuoshea samaki ni miradi inayolingana kabisa na mfuko huo. Kinachohitajika ni watu wa sokoni kukaa pamoja, wenyeji na wageni, kuhesabu meza na vyoo, kisha kupeleka hesabu hiyo kwa diwani ikiwa imeandikwa.

Pasipoombwa, fedha zitakwenda kwa walioomba. Mlipuko ujao ukija, itaonekana rahisi zaidi kufunga kivuko na kuwalaumu waliovuka.

Hivyo safari ijayo, mtoza ushuru akikukabidhi risiti yako, ipokee kwa heshima, iweke mfukoni, kisha muulize kwa sauti ambayo jirani wa meza ya pili ataisikia: bomba liko wapi, na choo kiko wapi?